Mapacha wako njiani na pesa hakuna: SHA, chama, mkopo wa simu ama mchango, uanze na gani?

Siku niliambiwa ni wawili nilicheka. Yule dada wa skani alizungusha kile kidude juu ya tumbo, akanyamaza, akarudi pale alianzia, halafu akaniuliza, "Mama, kwenu kuna mapacha?" Nikamwambia kwa upande wa mzee wangu wako, kwao Bungoma huwezi kosa Mukhwana na Mulongo kwa ile ukoo. Akageuza skrini nione. Vichwa viwili. Nikacheka nikalipa nikatoka, nilianza kulia nikiwa huko nje nangoja matatu ya Rhonda, juu kwa simu nilikua nimebakisha 640, mzee ni wa boda na hiyo wiki pikipiki ilikua kwa fundi.

Tangu nizae wamama wananiuliza sana, wa hapa Nakuru na wale wa nyumbani, ati nilipata wapi pesa. Ukweli ni kwamba hakuna mahali moja nilipata, niligonga karibu kila mlango, mingine ikafunguka na mingine nikapoteza nauli bure. Nitaziweka hapa moja kando ya ingine, na kipimo changu si ati gani ina pesa mingi, kipimo ni hiyo pesa inafika LINI. Mimba ya mtoto mmoja unahesabu wiki 40 lakini mapacha wengi hutokea kabla ya wiki 37. Kwa hivyo ukijipangia pesa ya mwezi wa tisa umejipangia pesa ya kulipa madeni, watoto watakua wamekuja kitambo.

Tuanze na SHA, ile bima ya afya ya serikali, ukilinganisha na kujiwekea hiyo pesa mwenyewe kwa nyumba, juu hapa ndio naona wengi wanateleza. Mama mkwe wangu mpaka leo ananiambia kuzaa ni bure, na hadanganyi vile, 2013 serikali ilitangaza kweli na 2016 ikaja Linda Mama, unaandikishwa tu na kitambulisho na hulipi kitu. Lakini NHIF, ile bima ya zamani, iliondoka, SHA ikaanza kazi Oktoba 2024 na ile ya wamama sasa inaitwa Linda Jamii, na hii mpya inataka uwe umelipa. Kama huna payslip unalipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na inategemea yale maswali wanakuuliza kuhusu nyumba yako, paa ni ya nini, ukuta, maji, mnapikia nini. Unabonyeza *147# ama unaenda mtu akufanyie. Jibu vile iko, usijifanye uko juu ati uonekane vizuri kwa karani, hizo majibu ndio zinapiga hesabu ya bei yako.

Sasa najua unasema 3,600 hiyo si ningenunua nepi. Hata mimi nilisema. Lakini angalia upande wa pili: kwa hiyo pesa hosi inalipwa 10,000 ukizaa kawaida na 30,000 ukipasuliwa. Na mapacha upasuaji uko karibu sana, hasa kama yule wa kwanza hajageuza kichwa chini, wangu alikua amekaa kama mtu anangoja chai. Nionyeshe chama gani unaweka elfu tatu na mia sita inakurudishia elfu thelathini. Na ni ya familia yote, bwana na watoto wako ndani.

Kitu moja tu ambayo nataka uielewe vizuri juu niliona mtu akilia nayo. KUJIANDIKISHA si KULIPA. Ukijiandikisha peke yake unatibiwa dispensari na helthi senta bila kulipa, na hiyo ni nzuri, kliniki zako nyingi utafanyia hapo. Lakini mapacha hawakuzalishi hapo, watakutuma hospitali iko na thieta, hapa kwetu Nakuru ni PGH, ile hospitali kubwa ya rufaa, na kama uko Kisumu ni Jaramogi, ile wazee bado wanaita Russia, ama ile ya kaunti. Nilikua kwa foleni ya hospitali moja nyuma ya msichana mdogo, mimba ya miezi nane, anamwambia karani "mimi niko SHA tangu mwaka jana", karani anaangalia kompyuta anamwambia "uko, lakini hujalipa hata shilingi". Akabaki ameshika kile kitambulisho hivi, hajui aweke wapi mkono. Usiwe huyo.

Kama 3,600 haipatikani kwa mpigo kuna ile ya Lipa SHA Pole Pole, unalipiwa ya mwaka halafu unarudisha kidogo kidogo. Ni deni, lakini ni deni iko na kazi. Na uliza mapema kama hosi yako iko kwa mkataba na SHA, tena uliza watoto wakiingia ile wodi ya njiti bili yao inaandikwa chini ya nani na wanataka karatasi gani, uliza ukiwa na mimba, usingoje kuuliza ukiwa na mshono. Kama ni praiveti, uliza wao wanaongeza ngapi juu ya ile ya SHA. Unaweza shangaa.

Kitu SHA haifanyi: haikulipii teksi saa tisa usiku, haikununulii maziwa, haikulishi wakati umeambiwa ulale usifanye kazi. Kwa hivyo hata ukiwa umelipa bado unahitaji pesa ya mkononi, na hapo sasa ndio tunaingia chama na mkopo.

Chama yetu tuko wamama kumi na wawili, 500 kila wiki, kwa hivyo zamu yako ikifika unabeba elfu sita. Zamu yangu ilikua ya kumi na moja. Nikahesabu na vidole nikaona inaangukia wiki ya 37 na nikajua hapo nimepotea. Nilienda kwa Mama Kevo, yeye alikua ya nne, nikamkuta anachagua maharagwe. Nikamwambia, "Mama Kevo, nisaidie tubadilishane." Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Na ukizaa uache kulipa, nitaenda wapi?" Swali la haki kabisa. Nikamwambia mzee wangu ataandika jina kwa kitabu cha chama kama mdhamini, kila Jumapili yeye ndiye ataleta 500 hata mimi nikiwa hosi. Akachagua maharagwe kama dakika tano hivi ndio akasema sawa, lakini mweka hazina aandike na wote waskie. Tukafanya hivyo.

Hiyo elfu sita ilinipata wiki ya 30. Riba sufuri. Ndio maana nikilinganisha chama na mkopo wa simu sina hata haja ya kufikiria, mradi uko kwa chama tayari na watu wanakujua. Shida ya chama ni hiyo tu, huwezi kuingia leo na mimba ya miezi sita uombe zamu ya kwanza, watakucheka. Na kama ni teibo bankingi mnakopeshana kwa riba, uliza ni ngapi kwa mwezi, kuna zingine ni kali kuliko benki na watu wanasema "hiyo riba inabaki kwetu" kama vile hiyo inapunguza uchungu.

Mikopo ya simu sasa. Hizi hazifanani hata kama zote zinaingia kwa simu moja. Hustler Fund, ile ya serikali ilianza mwisho wa 2022, riba ni 8% kwa MWAKA, kwa hivyo ukichukua 5,000 kwa siku 14 riba ni kama shilingi kumi na tano, bei ya mandazi. Lakini wanakata 5% wanakuwekea akiba, kwa hivyo kwa mkono unapata 4,750, na lazima urudishe kwa hizo wiki mbili. Na limiti wanaanzia chini, mtu mgeni anapewa 500, unaiongeza ukilipa vizuri, sasa kama unaanza ukiwa na mimba ya miezi saba haitakufikisha mbali. M-Shwari ya M-Pesa inakupatia siku 30 lakini inakula 7.5%, yaani 375 kwa hiyo 5,000, na ushuru juu yake. Fuliza ni ya kumalizia tu, unapungukiwa na mia mbili ya dawa sawa, lakini wanakuhesabia kila siku na wakati uko wodi siku kumi hakuna mtu anakumbuka Fuliza isipokua Fuliza yenyewe. Pesa yoyote itaingia kwa simu, hata ile shangazi ametuma ya uji, inamezwa kwanza. Kama watu watakutumia mchango na uko na Fuliza, wape namba ya bwana ama ya dada yako. Ilinipata, mia nane ya mjomba ilienda hivyo.

Zile apu zingine za mikopo ambazo hata huzijui mwenyewe ni nani, zinapigia watu wako wote simu ukichelewa, mimi sitazilinganisha na kitu, achana nazo.

Kwa hivyo kati ya hizo: chama kama iko, Hustler kama limiti yako imeshapanda na unajua ni pesa gani itaingia kabla ya wiki mbili kuisha, M-Shwari kwa dharura ya kweli. Kukopa ununue kitanda cha watoto, hapana. Wangu walilala kwa beseni kubwa ya nguo mwezi mzima na walinenepa.

Kuna wenye wameajiriwa, hawa wana mlango ambao sisi wa kuuza omena hatuna, na wengi hawautumii. Wifi yangu ako Naivasha, ameajiriwa kwa shamba la maua. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya uzazi na mshahara kamili, na baba wiki mbili, mshahara kamili pia. Mapacha hawaongezi mwezi, sheria haiwataji, miezi ni hiyo hiyo mitatu hata ukizaa wanne. Inataka uandike barua angalau siku saba kabla, na kwa sababu wako watakuja mapema mimi ningeandika nikiwa wiki ya 30 nikaweka kopi iko na stempu. Daktari akikuambia upumzike kabla ya hapo, hiyo ni siku za ugonjwa, usikubali wakukatie kutoka kwa ile miezi mitatu. Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo uko na angalau siku saba za ugonjwa na mshahara kamili na zingine saba nusu mshahara, ukipeleka karatasi ya daktari. Na kama wanakuita kibarua lakini umefanya kazi mfululizo zaidi ya mwezi, usikubali haraka ati huna haki, nenda ofisi ya leba ama kwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi umuulize, sheria inakubadilisha. Kufutwa juu ya mimba hairuhusiwi. Najua inafanyika, ndio nakuambia weka kopi.

Ukilinganisha hii na zingine zote hii ndiyo tamu zaidi, ni mshahara wako na haurudishi. Kama uko nayo anza nayo.

Mchango na kanisa. Hapa nitasema kitu wengine hawatapenda. Mchango wa grupu ya WhatsApp ni wa baada, si wa kabla. Watu wetu hutoa pesa wakiwa wameona kitu: mgonjwa amelazwa, maiti iko mochari, mtoto amezaliwa. Ukiwaambia "nisaidieni natarajia mapacha" watakuandikia Hongera na maua mengi na malaika, na hiyo ndio mwisho. Lakini wakizaliwa, ngoja uone. Mjaluo akipata Opiyo na Odongo, ama Apiyo na Adongo, nyumba haikosi watu, na kwetu Waluhya hivyo hivyo, mapacha wana heshima yao na hakuna mtu anakuja mkono mtupu. Nililetewa kuku watatu, unga wa wimbi gorogoro mbili, leso nne, na kuna mama wa jumuiya alinifulia wiki nzima nguo za watoto na akakataa hata soda. Huwezi kuweka bei kwa hiyo. Ila huwezi pia kulipia thieta na kuku.

Sasa badala ya kuomba pesa kabla, omba VITU kabla. Hiyo watu wanatoa bila uchungu. Nilizunguka kwa kila mwenye alizaa hiyo miaka miwili nikaokota nepi za kitambaa, shawl, kofia, beseni. Mapacha wadogo wanaweza maliza nepi kumi na sita ama zaidi kwa siku, ukisema ni pampas zote hutaweza, pampas weka za usiku na za safari. Nguo usinunue dukani, mitumba ya watoto iko, na ukiwa Kisumu nenda Kibuye siku ya Jumapili asubuhi wakifungua beli. Ukiwa Msabato kuna akina Dorkasi, Mkatoliki uko na jumuiya yako ndogo, Anglikana kuna Mothers Union, nenda uongee na mama mmoja mkubwa hapo, usitangaze mbele ya kanisa lote. Mama mmoja mkubwa anafanya kazi kuliko tangazo.

Za serikali na mashirika nitapita haraka juu nyingi hazitakufaa. Inua Jamii ni 2,000 kwa mwezi lakini ni ya wazee wa kuanzia 70, mayatima, na wenye ulemavu mkali, mimba haikuingizi. Nyanya akiwa anapokea, hiyo ni ya nyanya, usiipigie hesabu. Kakamega walikua na ile watu walizoea kuita Oparanya Care, wakati wa gavana Oparanya, mama asiyejiweza anapewa 12,000 kwa awamu sita za 2,000, ukienda kliniki, ukizalia hosi, ukipeleka mtoto chanjo. Dada yangu aliipata kwa kifungua mimba wake na iliwasaidia sana, lakini angalia vile ilikua inakuja, elfu mbili mbili baada ya kila hatua, si kwa mkupuo. Kama uko upande huo uliza nesi wa kliniki kama wanaandikisha saa hii kabla hujaiweka kwa hesabu. GiveDirectly, wale wamepeana pesa sana Siaya, wao huchagua kijiji, hakuna mahali unaenda kuomba, na mtu akikuitisha mia tatu ya fomu ati akuingize, huyo ni mwizi wa kawaida tu.

Mlango wa mwisho, na uko wa mwisho kwa sababu hata mimi nilitamani nisiufike: kusamehewa bili. Hospitali ya serikali iko na ofisi ya ustawi wa jamii, mtu wa huko anakuuliza unakaa wapi, bwana anafanya nini, mnalipa nyumba ngapi, na anaweza kupendekeza upunguziwe ama usamehewe. Siri yake ni muda tena. Wengi huenda siku ya kutoka wakiwa na bili mkononi na mifuko imefungwa. Mimi nilimtuma mzee siku ya pili, watoto bado wako njiti, akaenda na barua ya chifu na kitabu cha kliniki. Bili yenyewe SHA ilikua imechukua sehemu kubwa, ile ilibaki wakapunguza nusu. Na ujue hii: 2015 Mahakama Kuu ilisema kwenye kesi ya wamama wawili waliozuiliwa Pumwani kwamba kumfungia mama hosi juu ya bili ni kuvunja haki zake. Deni linabaki deni, lakini wewe si dhamana.

Kama ningeanza upya leo, na skani mkononi, ningefanya hivi. Wiki hiyo hiyo nilipe SHA, hata kama ni kwa pole pole. Wiki inayofuata niende kwa Mama Kevo. Barua ya kazi kama iko. Vitu vya watoto nikusanye mpaka wiki ya 32 begi liwe mlangoni. Mkopo nisiguse mpaka niwe nimemaliza hizo zote. Na skani nifanye mapema kuliko nilivyofanya, WHO wanasema kabla ya wiki 24, mimi nilienda ya 26 juu niliona elfu moja mia tano ni nyingi, sasa hizo wiki nilikaa bila kujua ndio zilinila zamu nzuri za chama.

Wangu walikuja wiki ya 35. Chupa ilipasuka saa nane usiku, teksi alitaka 800 na ilikua iko, kwa ile elfu sita nilikua nimeweka mbali na mikono ya mzee. Walipima kilo 2.1 na 1.8. Tulikaa siku kumi na moja, mmoja namweka kifuani asubuhi ngozi kwa ngozi, mwingine mchana, nesi anapita anauliza leo ni zamu ya nani.

Mzee alilipa 500 kila Jumapili kama alivyosema, wiki moja akaleta ya sarafu za kumi kumi wakamwimbia. Zamu ya kumi na moja ikafika, Mama Kevo akanunua tanki ya maji. Tulienda kuiona, mtoto mmoja mgongoni kwangu, mwingine kwake.